Aliyelicheka Dubwana la Zohali

Nchi yenyewe ipo. Jina lake nimeombwa nisilitaje, na mimi ni mtu wa kuombwa mara moja tu. Ni nchi nzuri. Ina mito, ina milima, ina Televisheni ya Taifa. Mito imekauka na milima imechimbwa, lakini Televisheni ya Taifa haijakosea hata siku moja, na jambo hilo limeandikwa kwenye Katiba, ibara ya kwanza kabisa, kabla ya ile inayosema kwamba nchi ina wananchi.

Kila Alhamisi jioni, taarifa ya habari ikiisha, televisheni hiyo huonyesha mchezo uitwao Dubwana la Zohali. Kisa chake ni chepesi. Dubwana limeshuka kutoka sayari ya Zohali kwa chombo cha anga. Lina macho matatu, meno kama reki, mkia wa kuburura, na tumbo linalofunguka kwa mbele. Kila wiki linammeza mtu mmoja. Wanasayansi wa kwenye mchezo, wenye makoti meupe, hukimbia huku na huko wakisema, "Hatuna muda, hatuna muda," na ni kweli, kwa sababu mchezo ni wa nusu saa.

Mwanzoni watu waliuchukulia kuwa mchezo tu. Mambo yalibadilika pale mwigizaji mmoja, Liberati, alipomezwa. Msajili wa Vifo, mtu makini asiyelaza kazi, alikuwa nyumbani kwake akitazama huku akila wali na maharage. Asubuhi yake akafika ofisini kabla ya mtu yeyote na kumwondoa Liberati miongoni mwa walio hai. Liberati aliposikia alikwenda mbio kulalamika.

"Mzee, mimi mzima," alisema. "Nishike mkono basi, uone kama wa baridi."

"Kijana, jana umemezwa na nimekuona kwa macho yangu mawili," alijibu Msajili kwa upole. "Sasa niambie, kati yako wewe na Televisheni ya Taifa, mwongo nani?"

Liberati aliitazama picha ya Kiongozi ukutani, akavitazama viatu vyake, akasema labda ni yeye. Shauri likafika Mahakama Kuu, na majaji, baada ya kushauriana na kula, wakatoa hukumu. Anayemezwa mbele ya kamera amemezwa. Akionekana barabarani anatembea, hayo ni mabaki ya marehemu, na mabaki hayasalimiwi. Katika nchi ambayo mtu hawezi kununua kiberiti kabla ya kuulizana na muuzaji hali za watoto, za wagonjwa na za mvua, hukumu hiyo ilitosha kabisa. Liberati alizunguka mjini wiki kadhaa akitoa salamu zisizopokelewa, kisha akahamia porini kufuga nyuki.

Aliyeona faida ya jambo hili kwanza alikuwa Waziri wa Hofu na Burudani, Mheshimiwa Kabwende. Magereza yalikuwa yamejaa, wafungwa walikuwa wanalalamikia ugali, na mabalozi wa nchi za mbali walikuwa wanauliza maswali yenye adabu. Mheshimiwa akagundua kwamba tumbo la Dubwana halina nondo, halina askari, na halijai. Tangu hapo aliyeuliza barabara imeishia wapi alipelekewa mwaliko wa kushiriki katika mchezo, na mwaliko wa taifa, kama ijulikanavyo, haukataliwi.

*

Ndani ya Dubwana alikuwamo Hamduni.

Hamduni alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye mabega ya kuinama kidogo, na urefu huo ndio uliompatia kazi. Aliapishwa kwa kitabu cha dini yake asiseme kwa yeyote kwamba Dubwana lina mtu ndani. Mtaani alijulikana kama fundi wa mitambo. Aliyejua siri ni mkewe tu, Mwajabu, msusi, kwa sababu mtu hawezi kurudi nyumbani kila Alhamisi akinuka mpira na sponji mkewe asiulize.

Dubwana lenyewe lilikuwa kazi ya ufundi. Lilisimama lenyewe juu ya fremu ya chuma, na Hamduni aliingia kwa nyuma, mahali palipokuwa na pazia. Mbele, tumboni, kulikuwa na zipu ndefu iliyofichwa chini ya magamba. Wakati wa kumeza, Dubwana liliegemea jiwe kubwa la Zohali, ambalo lilikuwa mbao na rangi. Mtu aliingizwa kwenye zipu, akajipenyeza gizani ubavuni mwa Hamduni, akatokea kwa nyuma, akapita mlango mdogo uliokuwa kwenye jiwe, na huko akapewa soda baridi na kuonyeshwa njia ya kutokea. Hapakuwa na damu. Wageni wa kimataifa waliotembezwa studio walisifu sana suala la soda.

Hamduni alikuwa na adabu na aliowameza. "Samahani, shangazi, inamisha kichwa kidogo." "Kaka, angalia hapo pana chuma." Alimmeza mwalimu aliyesema darasa halina paa. Alimmeza mpiga picha wa harusi aliyepiga picha isiyo ya harusi. Wiki za mwanzo alikuwa akirudi nyumbani hali chakula. Baadaye akaanza kula kidogo, baadaye akala kama kawaida, na kufikia msimu wa tatu wa mchezo alikuwa akiomba kuongezewa mchuzi. Mpira ule ulimbana mikono mpaka vidole vikafa ganzi, na ganzi ile ilianza vidoleni ikapanda taratibu. Hakuwa na uchungu wala furaha. Alikuwa na kazi.

"Siku hizi hata huoti," Mwajabu alimwambia siku moja.

"Si vizuri?"

"Sijui. Zamani ulikuwa unanipiga mateke, nikajua uko ndani."

*

Ilikuwa ni lazima kuogopa. Wananchi walikusanyika kwenye viwanja vya mitaa mbele ya televisheni kubwa, na kila uwanja ulikuwa na Mkaguzi wa Hofu mwenye kifaa cha kupimia ukelele. Mtaa uliopiga kelele vizuri ulipata maji wiki nzima. Mtaa uliozubaa ulipelekewa semina. Kwa hiyo watu waliogopa kwa bidii, akina mama wakishikana mabega na wazee wakifunika nyuso kwa kofia, na Dubwana likishameza walinyanyuka, wakajipangusa vumbi, wakaendelea na maongezi ya bei ya mafuta ya taa.

Alhamisi ya balaa, Hamduni alishikwa na muwasho. Sponji ya pajani ilikuwa imeanza kuoza, na katikati ya mngurumo mkubwa kabisa, Dubwana likiwa limeinua makucha juu ya mhasibu mmoja mstaafu, muwasho ukamzidi nguvu. Hamduni alikuwa na namna yake ya kujikuna. Alipeleka mkono nyuma, akatumia upande wa nje wa kifundo cha mkono, akainua kisigino cha kulia, na kunyoosha shingo mbele kama kuku anayetaka kuruka dimbwi. Alijikuna hivyo tangu utotoni. Alijikuna hivyo siku ya harusi yake, mbele ya shehe na wakwe.

Nchi nzima ililiona Dubwana la Zohali likijikuna.

Uwanjani kwao Mwajabu aliona pia. Alijikaza. Aliuma mtandio, akatazama chini, akajaribu kufikiria misiba yote ya ukoo wao, lakini kile kisigino kilikuwa kimeshamwingia kichwani. Akaangua kicheko. Hakikuwa kicheko cha dharau. Kilikuwa kicheko cha mke anayemwona mume wake mahali asipotegemea, na kwa sababu kilikuwa cha kweli kilimwambukiza jirani yake Bi Tausi, kikaruka safu ya mbele, kikawapata wazee, na kufumba na kufumbua uwanja mzima ulikuwa umevunjika mbavu. Mkaguzi wa Hofu alikitazama kifaa chake. Mshale ulikuwa umefika mwisho, hivyo kwanza alifurahi.

Mwaliko uliletwa Jumamosi, na vijana wawili waliovaa vizuri na waliopokea maji ya kunywa kwa mikono miwili. Mwajabu alikuwa ameombwa kushiriki katika mchezo Alhamisi ijayo, kama Mwanamke wa Tatu.

*

"Nani alikutuma ucheke?" Hamduni aliuliza. Walikuwa wamekaa kitandani, mmoja huku mmoja kule.

"Na wewe nani alikutuma ujikune?"

"Niliwashwa, Mwajabu."

"Na mimi nilichekeshwa."

Hawakujaaliwa watoto, hivyo nyumba yao ilikuwa na ukimya mwingi, lakini siku zote ulikuwa ukimya wa watu wawili wanaoelewana.

"Tukimbie," Hamduni alisema.

"Twende wapi? Huko mpakani nako wana televisheni." Mwajabu alianza kuikunja kanga iliyokuwa imeshakunjwa. "Mimi sitaki mambo mengi. Si nitatoka kwa nyuma, nitapewa soda, nitarudi hapa. Watu wasiponisalimia, basi. Wewe utanisalimia. Mtu mmoja wa kunisalimia ananitosha."

"Nitakusalimia," alisema Hamduni. "Asubuhi na jioni."

Hiyo ndiyo ahadi waliyopeana, na Hamduni aliitoa kwa moyo wake wote, kiasi kilichokuwa bado hakijafa ganzi.

Hata hivyo alijaribu. Jumatatu alimfuata mtayarishaji wa mchezo, Pankrasi, mtu mnene aliyetembea na kijiti mdomoni ili apate sababu ya kutojibu haraka.

"Bosi, yule Mwanamke wa Tatu ni mke wangu."

"Mke wa nani?"

"Wangu mimi. Alicheka kwa sababu ananijua."

Pankrasi alifunga mlango. "Hamduni, fikiri kabla hujaendelea. Ukisema alikucheka wewe, unasema wewe ndiye Dubwana, na kama wewe ndiye Dubwana, basi Televisheni ya Taifa imekuwa ikidanganya. Ukisema wewe siye Dubwana, basi alilicheka Dubwana, na wewe halikuhusu. Unachagua lipi?"

Hamduni aliona kwamba pande zote mbili pana ukuta. Pankrasi akamgonga begani kwa huruma. Kesho yake Mheshimiwa Kabwende mwenyewe alifika studio, akavuliwa miwani na msaidizi mmoja, akavishwa nyingine na msaidizi wa pili, na kuwahutubia wafanyakazi wote waliokuwa wamesimama mstari.

"Dubwana letu ni la wote," alisema Mheshimiwa. "Halina kabila. Halina dini. Halibagui tajiri wala maskini, na ndiyo maana mataifa makubwa yanatuonea wivu. Wao wana madubwana ya kuigiza. Sisi tunalo. Siku Dubwana litakapoanza kusema huyu ni shemeji, huyu ni jirani, siku hiyo tutakuwa tumerudi kwenye ujima. Kuna mtu hapa ana swali?"

Mafundi wa taa, wapaka rangi na wanasayansi wa makoti meupe walipiga makofi. Hamduni naye alipiga. Alishangaa kuona mikono yake inagongana na asisikie chochote kwenye viganja.

*

Alhamisi ilipofika Mwajabu alisuka nywele zake vizuri, mistari ya kwenda nyuma, akavaa gauni la Idi. Aliambiwa apige kelele akiliona Dubwana. Hakuweza. Kila alipolitazama aliona miguu miwili mirefu anayoijua. Basi alisimama tu katikati ya vumbi la Zohali, mikono ubavuni, taa zikimwakia usoni.

"Naingilia wapi?" aliuliza, na nchi nzima ikasikia.

Dubwana lilinguruma. Ndani, Hamduni aliivuta zipu kwa vidole asivyovihisi, akamsaidia mkewe kuinama, akafunga. Humo ndani mlikuwa na giza, joto na harufu ya gundi. Mtu aliyemezwa alitakiwa kupita haraka. Mwajabu hakupita. Alimwegemea mumewe ubavuni, akapapasa mpaka akafika kwenye paja lililokuwa likiwasha tangu wiki iliyopita, mahali ambapo Hamduni hakuthubutu tena kupeleka mkono, akamkuna taratibu.

"Hapo?"

"Chini kidogo," Hamduni alinong'ona.

Alimkuna mpaka muwasho ukaisha. Kisha akasema, "Usisahau ahadi," akatoka kwa nyuma, akapewa soda. Nje Dubwana lilikuwa limesimama limetulia kwa muda mrefu kuliko kawaida, na wachambuzi wa televisheni baadaye walieleza kwamba hiyo ni namna ya madubwana ya Zohali kumeng'enya.

*

Matanga yalifanyika nyumbani kwa marehemu, kama ilivyo desturi. Turubai lilifungwa, viti vya kukodi vikapangwa, na Wakaguzi wakaja kuangalia kama kilio kinalingana na msiba. Wageni wakawa wengi, na wengi wa wageni wakahitaji chai. Hapo pakatokea tatizo dogo, kwamba mwenye kujua sukari inakaa wapi katika nyumba ile alikuwa marehemu. Mwajabu akaingia jikoni, akawasha jiko, akachemsha chai ya tangawizi, akapita nayo safu kwa safu.

"Marehemu alikuwa na mkono wa chai," Bi Tausi alilia, akisogeza kikombe kimiminiwe. "Hatutaipata tena chai kama ile."

Mwajabu alimmiminia. Bi Tausi alitazama birika, akatazama turubai, akatazama kila kitu isipokuwa uso ulioinama mbele yake, na machozi yake yalikuwa ya kweli kabisa. Mheshimiwa Kabwende alituma salamu za rambirambi zilizosomwa na mwakilishi wake. Zilisema kwamba taifa limepoteza mwanamke shupavu, na kwamba Dubwana lenyewe, kwa taarifa za uhakika, limehuzunika.

Usiku huo wakaguzi walilala sebuleni. Mwajabu alipita mbele ya mumewe, akasema, "Hamduni, habari za kutwa?" Mkaguzi mmoja aliinua kichwa. Hamduni aliutazama ukuta. Alijiambia ni kwa leo tu, mpaka hawa waondoke.

Wakaguzi waliondoka matanga yalipoanuliwa, lakini wakaacha Kamati ya Kusahau, na Kamati ilikuwa ya majirani. Mmoja alikuja kuazima ungo. Mmoja alikuja kurudisha ungo. Dirisha lilikuwa halina pazia zito na ukuta ulikuwa wa kusikia. Asubuhi Mwajabu alisema, "Umeamkaje?" na Hamduni akakohoa. Jioni alisema, "Pole na kazi," na Hamduni akatikisa kichwa kidogo, kwa namna ambayo mtu yeyote angeweza kudhani anafukuza nzi. Alijiambia kwamba mkewe anaelewa. Alijiambia atamjibu mvua zikianza, maana mvua kwenye bati huficha sauti.

Mvua zilianza, zikapiga bati kwa kishindo, na Hamduni hakusema kitu. Alikuwa amezoea.

Mwajabu alirudia kazi yake barazani. Wateja wake walikuja mmoja mmoja, kwa sababu kusuka kuna jambo moja zuri, kwamba anayesukwa humpa msusi kisogo. Waliketi kwenye mkeka, wakavua vilemba, wakatazama barabara. Yeye alisuka. Walipoinuka waliacha kipande cha sabuni au kikombe cha mchele kwenye kigoda, wakaondoka bila neno. Hapakuwa na salamu wala umbea, na saluni bila umbea ni mahali pa kuchosha kupita makaburi. Wamezwa wenzake nao alipishana nao sokoni, lakini kila mmoja alidhani mwenzake bado yuko hai na atamkwepa, kwa hiyo walikwepana mapema.

Siku moja Mwajabu akaacha kusema habari za asubuhi. Hamduni hakugundua siku hiyo, wala kesho yake. Chakula kilikuwa mezani, shati lilikuwa limepigwa pasi, na nyumba ilikuwa kimya, basi akaona mambo yanakwenda vizuri.

Halafu ikatokea kwamba alikuwa anatoka chumbani haraka, akakumbana na mkewe mlangoni, kifua kwa bega. Hamduni alisogea upande, akapita, akaenda zake. Alikuwa ameshafika kwenye kona ya msikiti ndipo akagundua kwamba hakujizuia. Hapakuwa na mkaguzi, hapakuwa na jirani, hapakuwa na mtu wa kumwogopa. Aligonga kitu, akakizunguka. Alijaribu kukumbuka kama Mwajabu alikuwa amevaa kanga au gauni, akashindwa. Alijaribu kukumbuka uso wake ulivyokuwa, akapata tu ule wa kwenye picha waliyopiga zamani.

Hamduni alikuwa ameliona Dubwana kwa karibu kuliko mtu yeyote nchini, macho yake matatu na meno yake, na halikuwahi kumtisha. Pale konani alitishika. Aliketi kwenye ukingo wa mtaro, na mtu aliyepita akamwambia, "Pole, fundi," kwa sababu Hamduni alikuwa bado mtu wa kusalimiwa.

*

Alhamisi iliyofuata alikuwepo wa kumezwa, daktari wa mifugo aliyekuwa amesema ng'ombe wanakufa. Dubwana lilinguruma, likaburura mkia, likaliegemea jiwe. Kisha likatulia. Daktari wa mifugo alisubiri. Wanasayansi walisema, "Hatuna muda," wakatazamana. Taa zilikuwa zinawaka na mchezo ulikuwa unakwenda moja kwa moja hewani, kwa sababu Televisheni ya Taifa haikati wala haihariri, nayo ni ibara ya pili.

Kutoka nyuma ya jiwe la Zohali alitokea mtu mrefu mwenye mabega ya kuinama, amevaa singlendi na kaptula, jasho likimtiririka. Alipita mbele ya kamera, akamwambia daktari wa mifugo, "Samahani, kaka, nipishe kidogo." Akasimama mbele ya Dubwana lililokuwa limesimama juu ya fremu yake, halina mtu ndani, meno nje. Akaitafuta zipu chini ya magamba, akaifungua, akainamisha kichwa ili asigonge chuma, akaingia, na kuifunga kwa ndani.

Pankrasi alimeza kijiti chake. Uwanjani watu walipiga kelele, na kelele hizo hazikuwa za kutafuta maji. Msajili wa Vifo, nyumbani kwake, alishusha kijiko. Hakulijua jina la mtu yule, lakini Bi Tausi alilijua, na asubuhi Kamati ya Kusahau ilifika kwa Msajili ikiwa imevaa nguo za msiba. Hamduni fundi mitambo alikuwa amemezwa. Nchi nzima ilikuwa imeona.

Wizarani walikaa kikao cha dharura, wakahofu kwamba Dubwana sasa halina mtu wa kulivaa. Walijaribu kutafuta mrefu mwingine. Kisha mtaalamu mmoja akashauri walionyeshe hivyo hivyo, limesimama, walete tu watu wa kuingia. Alhamisi ikafika, wakalionyesha. Wananchi waliogopa kama kawaida, wengine wakasema siku hizi limekuwa kali zaidi. Mpaka leo halina mtu ndani, na kazi inakwenda.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jioni ile Hamduni alitokea mlango mdogo, akapokea soda kwa mujibu wa taratibu, akainywa yote kwa sababu alikuwa na kiu, akaenda nyumbani kwa miguu akiwa na singlendi yake. Watu waliokuwa wakitoka viwanjani walimwona kwa mbali, wakageuza nyuso kwenye maduka. Muuza vocha, ambaye walizoeana kutaniana kila siku, aliinama ghafla kutafuta kitu chini ya meza. Hamduni hakujali. Alikuwa anakwenda anajisemea moyoni maneno aliyokuwa ameyaweka tangu mvua, na vidole vilikuwa vinamchoma, kama vinavyochoma ganzi inapoanza kutoka.

Mwajabu alikuwa barazani peke yake, kwani wamezwa hawaruhusiwi uwanjani, akiosha vitana kwenye beseni. Alikuwa amevaa kanga. Hamduni aliiangalia vizuri ili aikumbuke, ya bluu, imepauka kwenye pindo. Uso wake ulikuwa umekonda. Akasimama mbele yake, akavua viatu.

"Mwajabu," alisema, kwa sauti ya kusikika nyumba tatu. "Habari za kutwa?"

Mwajabu aliendelea na kitana chake. Akakisuuza, akakikung'uta, akakiweka na vingine.

"Mwajabu, habari za kutwa, mke wangu?"

Mikono ilisimama ndani ya maji. Aliinua kichwa taratibu, akamtazama mtu mrefu aliyesimama pale akisubiri, kisha akageuka kutazama nyuma yake, aone ni nani anayesalimiwa.